Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Ufukwe wa Kunduchi unachimbwa mtoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naandika kuhusu mchanga. Kila bahari inapokula kipande kingine cha ardhi kati ya Mbezi Beach na Ununio, hapa Dar es Salaam ilipo Kunduchi yetu, jibu tunalopewa ni moja: mabadiliko ya tabianchi. Baada ya hapo linafuata ombi la ukuta wa kuzuia bahari. Sipingi kwamba bahari inapanda. Duniani kote imepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwaka 1900, na inaendelea. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaidhinisha ukuta mwingine, uwaulize wataalamu wako mchanga wa Kunduchi ulikuwa unatoka wapi, na sasa unaishia wapi.

Pwani yetu haijawahi kutulia. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, mawimbi hutoka kusini-mashariki na kuupiga ufukwe kwa mshazari. Wimbi likipanda husukuma mchanga upande, likirudi huushusha moja kwa moja, na hivyo punje husogea kidogo kidogo kuelekea kaskazini. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, sehemu ya mchanga huo hurudi kusini. Lakini kusi ina nguvu zaidi na hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mwaka ukiisha, mchanga mwingi unakuwa umeondoka kuliko uliorudi. Ongeza bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3, na utaelewa kwa nini wavuvi wa diko (bandari ndogo ya vyombo vya uvuvi) la Kunduchi hawaweki chombo mahali pamoja mwaka mzima.

Ufukwe wa namna hiyo unaishi kwa kufidiwa. Sehemu ya fidia hutoka kwenye miamba, kwa matumbawe na makombe yanayosagika. Sehemu kubwa hutoka mtoni: Mbezi, Tegeta, Mpiji. Hii ni mito midogo ambayo miezi mingi hata mtoto huivuka kwa miguu, lakini masika ikinyesha inashuka na mchanga kutoka vilima vya magharibi mwa jiji na kuumwaga baharini. Tazama jinsi majira yanavyopokezana kazi: Aprili na Mei mto unaleta mchanga mdomoni, na wakati huohuo kusi inaanza kuusambaza ufukweni. Mvua, upepo na bahari vilishajenga pwani hii bila mkandarasi.

Mnyororo huo tumeukata sisi. Mvua zikikatika, matipa yanashuka mitoni. Jiji linajengwa, Goba, Madale, Tegeta, Bunju, na kila nyumba inataka mchanga wa karibu na wa bei nafuu. Mchanga unaopakiwa huko hauwezi tena kufika baharini, na bahari haiachi kuchukua kwa sababu mto umeacha kuleta. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameeleza uhusiano huu kwa miongo kadhaa. Hoteli ya Africana ilikuwa ufukweni ikabomolewa na bahari. Leo jina hilo tunalisikia kwa makondakta wa daladala wakitaja kituo. Vijana wanaochimba wanatafuta riziki, nao siwalaumu. Lakini kuwaacha wachimbe huku tukitafuta fedha za kuta ni kulipa mara mbili.

Kuhusu kuta niseme wazi. Ule wa Barabara ya Barack Obama unalinda barabara, na pale haikuwepo njia nyingine ya haraka. Hata hivyo ukuta haulindi ufukwe. Wimbi likigonga zege linarudi na nguvu zake, linachimba mchanga wa chini ya msingi, na pale ukuta unapoishia jirani ndiye anayeumia. Kuta za mawe zinazoingizwa baharini na wenye viwanja ni mbaya zaidi kwa majirani: upande wa kusini mchanga unajaa, upande wa kaskazini unakwisha, naye wa kaskazini anajenga wa kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa bahari. Ingefuatwa kwa wote, wenye fedha na wasio nazo, ufukwe ungekuwa na nafasi ya kusogea kama ulivyozoea.

Miamba ya matumbawe ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, iliyo baharini mbele ya pwani hii, ni hifadhi kwa sababu nzuri. Kwa wastani mwamba wa matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa asilimia 97. Uvuvi wa baruti uliivunja kwa miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 likaua matumbawe mengi.

Usije ukaambiwa pwani hii haina vimbunga. Ni adimu, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoshi kuupinda upepo ukawa kimbunga kwa urahisi. Lakini Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Ufukwe mpana ndio unaoipokea dhoruba kabla haijafika kwenye nyumba. Na nchi kavu inaweza kutoweka kabisa: kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga, sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa.

Ninaomba uziite meza moja Tume ya Madini, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na halmashauri husika, kwa sababu leo kila mmoja ana kipande cha mamlaka na hakuna mwenye mto. Uchimbaji katika mito hii usitishwe, na wachimbaji waonyeshwe maeneo ya bara yaliyopimwa. Vumbi la mawe kutoka mashine za kokoto za Lugoba litumike kwa wingi zaidi katika ujenzi badala ya mchanga wa mtoni, likianza na miradi ya Serikali yenyewe. Ufukwe upimwe mara mbili kwa mwaka, kusi ikiisha na kaskazi ikiisha, na vipimo vibandikwe ofisi za kata tuvisome.

Uamuzi wa mito uje kabla ya masika. Ukija baadaye, mchanga wa mwaka huo utakuwa umeshapakiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kunduchi, Dar es Salaam