Wakimaliza kozi wanalala wapi?

Mhariri,

Hapa Uganda siku hizi kila kiongozi akishika maikrofoni ni ufundi kwa vijana, ufundi kwa vijana, na mimi sipingi maana ufundi ndio unanilisha, nachomelea milango na madirisha hapa Katwe na vijana waliopita mikononi mwangu ni wengi. Lakini kuna swali sisikii mtu akiliuliza. Huyo kijana akitoka kwenye mafunzo jioni anaenda kulala wapi?

Kuna mmoja wa kwangu, jina naliacha. Alikuwa na mkono mzuri kweli, ukipitisha kidole kwenye kazi yake huhisi chuma kimeungwa wapi, na karatasi ya DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ile Worker's PAS ya kuthibitisha ufundi wake, alikuwa nayo. Akajikusanya akanunua mashine yake ndogo ya kuchomelea, ya mkono wa pili, akapanga muzigo, ndivyo tunavyoita hapa chumba kimoja cha kupanga, na mashine analala nayo humo maana nje ingeibiwa usiku huohuo. Kodi ikachelewa. Landilodi akaja asubuhi akapiga kufuli lake juu ya kufuli la kijana, mashine iko ndani, godoro liko ndani, hata buti za kazi ziko ndani. Sasa mtu atafute hiyo kodi kwa kutumia nini? Nilienda mwenyewe kumwomba yule mzee atoe mashine tu abaki na vingine vyote, akanijibu, "Fundi, mashine ndiyo kitu pekee cha bei humo ndani, nikikupa hiyo mimi nabaki na nini?" Na ukimsikiliza naye ana haki yake, ana watoto shuleni. Kijana saa hii anaendesha boda ya mtu.

Kwa hiyo nikisikia habari za hub za Rais, ambako vijana wanafundishwa bure na wanakula na kulala palepale miezi sita, nasema kazi nzuri, hilo la kulala palepale ndilo lenyewe. Shida ni mwezi wa saba. Unamrudisha mtu kwenye baraza ileile ya duka ulikomtoa, na cheti mfukoni. Hata pesa ya PDM, mpango wa serikali wa kuinua watu kwenye parokia, ile milioni moja ya kukopa, unamkopesha vipi mtu wa kufuga kuku na hana hata ukuta wa kuegemeza banda?

Wenzetu wengine wameanza upande mwingine, nyumba kwanza halafu kazi inaingia humohumo. Kule Austin, Texas, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Community First! Village, watu walianza kuhamia 2015, na waliolengwa ni wale waliolala nje miaka na miaka. Nyumba ni ndogo sana, nyingine ni kama chumba tu, na mtu analipa kodi, si bure, ila kazi za kuitafuta hiyo kodi ziko palepale: bustani, kuku, useremala, ufinyanzi, hata uhunzi (hilo la uhunzi lilinifurahisha, kumbe nyundo bado ina heshima Marekani). Benin nao wana Songhai pale Porto-Novo, tangu 1985, kijana anaishi shambani anajifunza kilimo na kinyesi cha mifugo kinageuzwa gesi ya kupikia.

Ila inayonigusa zaidi ni Emmaus ya Ufaransa, iliyoanza 1949 karibu na Paris. Watu wasio na makao wanaishi pamoja, wanakusanya vitu vilivyotupwa, makochi, redio, nguo, wanatengeneza wanauza, na pesa hiyo ndiyo inaendesha nyumba. Yule padre aliyeianzisha, Abbé Pierre, alikufa 2007 na mwaka 2024 Emmaus wenyewe wakatoa ripoti ya wanawake waliosema aliwadhulumu, kwa hiyo sisemi tuweke picha yake ukutani. Mpango wa kazi ndio naongelea. Sisi hapa takataka tunazo mpaka zinatuua, tarehe 10 Agosti 2024 lile jalala la Kiteezi liliporomoka likafukia nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa, na sehemu kubwa ya uchafu wa Kampala ni maganda ya matoke na viazi na mabaki ya chakula. Maganda hayo yakikaushwa, yakachomwa kidogo na kushindiliwa yanakuwa makaa. Mabichi mbuzi na nguruwe wanakula. Na makaa ya miti tunajua yamefikia wapi, tangu amri ya Rais ya Mei 2023 ya kuzuia makaa ya biashara kule kaskazini kila mama anayepika anajua bei aliyonunulia mwisho. Sasa mahali pa watu hamsini wanaotengeneza makaa ya maganda, wanapikia hayohayo na kuuza yanayobaki, kuna ajabu gani hapo?

Kujenga pia tunaweza kwa bei nafuu bila kukata msitu wa kuchomea matofali. Yapo matofali ya kufungana, unakandamiza udongo na saruji kidogo kwa mashine ya mkono, unakausha kivulini, hakuna tanuri. Dkt Moses Musaazi wa Makerere alifanya kazi kubwa hapo, mpaka ya kujengea tangi la maji ya mvua. Kijana anayejifunza uashi ajenge chumba atakacholala yeye mwenyewe, hapo hata simenti hataiba. Kule Mpigi vijana wa SINA, kituo cha kufundisha vijana ubunifu kilichoanza 2014, wanaishi na kujifunza biashara palepale, na baadhi ya nyumba zao zimejengwa kwa chupa za plastiki, kwa hiyo mtu asiniambie ni ndoto ya wazungu.

Na nchi hii yenyewe ina uzoefu ambao hatuutumii kwa raia wake. Nakivale, makazi ya wakimbizi kule kusini-magharibi, ipo tangu 1958. Mkimbizi akifika anaonyeshwa kiwanja cha kusimamisha nyumba na kulima, na sheria ya 2006 inamruhusu kufanya kazi. Sisemi wanaishi raha, nina ndugu wa Kikongo huko, viwanja vinazidi kuwa vidogo na chakula cha msaada kimekatwa, lakini angalau mtu anaanza na mahali. Mtoto wa Napak anayeombaomba pale Clock Tower, Kampala, yeye anaanza na lori la kumrudisha Karamoja, na baada ya muda unamkuta amerudi.

Ombi langu kwa wizara zinazohusika na kwa wabunge wetu kabla ya bajeti ya Juni ni dogo. Pajaribiwe mahali pamoja tu, na pasiwe porini mbali, kwa sababu fundi anataka wateja, mimi nikipelekwa ndani kabisa Nakaseke nitachomelea mlango wa nani? Mukono au Wakiso karibu na barabara ya taxi panatosha. Mtu akae miaka miwili au mitatu, alipe kodi ndogo kuanzia anapoanza kupata, na vyombo vya kazi viwe na stoo yake ambayo hakuna mtu anaweza kuifunga kwa sababu ya deni la chumba. Hilo la stoo naliweka mbele ya yote.

Halafu mkataba uandikwe na kila mkaaji awe na nakala yake. Waliokaa Naguru na Nakawa, mitaa ya hapa Kampala, walibomolewa nyumba Julai 2011 wakiahidiwa mji mpya, na tumeiona ardhi ile ikikaa vichaka miaka na miaka, kwa hiyo watu hawatahamia mahali kwa maneno ya jukwaani. Kodi ilipwe kwa mobile money na risiti iingie kwenye simu ya mlipaji, isipite mkononi kwa mwenyekiti wala kwa meneja.

Fundi wa kuchomelea,
Katwe, Kampala