Kosa la umati lina wenyewe

Mhariri,

Yowe la "mwizi!" likipigwa Kongowea na mtu akauawa, wengi hudhani hakuna wa kushtakiwa. Si kweli hata kidogo. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humnasa kila aliyeshiriki nia moja, akiwemo aliyeleta tairi akijua ni la kumchomea mtu. Tangu uamuzi wa kesi ya Muruatetu katika Mahakama ya Juu, Desemba 2017, hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji si lazima tena: jaji hupima nafasi ya kila mshtakiwa, majuto yake na muda aliokaa rumande.

Zinakovunjika kesi hizi ni kwenye taarifa ya shahidi. Imeandikwa "walimpiga", basi. Nani? Kwa jiwe au rungu? Taa ilikuwa wapi, umbali gani? Wapelelezi wayaulize siku ile ile, tafadhali.

Msomaji,
Mombasa