Pasaka ina siku hamsini

Ndugu zangu wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo!

Bwana amefufuka kweli, aleluya. Mbukwenyi nyote mlioko Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na ndugu zetu wa Kondoa na Singida. Pasaka njema kwenu na kwa watoto. Nawasalimu kwa namna ya pekee mliobatizwa kwenye Mkesha, ambao mshumaa wenu uliwashwa kutoka katika Mshumaa wa Pasaka mbele yetu sote. Mmetupa furaha kubwa.

Pamoja na salamu, nina neno. Kwaresima tunaijua vizuri. Ijumaa makanisa yanajaa kwa Njia ya Msalaba, Juma Kuu foleni ya kuungama inafika nje, na hata asiyesali mwaka mzima unamwona amepakwa majivu. Kisha inafika Jumatatu ya Pasaka, pilau imeliwa, wageni wamepanda basi, na sala ya nyumbani inakatika siku hiyohiyo. Kwaresima tumeipa siku 40 za bidii. Kanisa limeipa Pasaka siku 50, hadi Pentekoste, na hizo tunaziacha zipite kama siku za kawaida.

Wakristo wa karne za mwanzo hawakufanya hivyo. Waliobatizwa usiku wa Pasaka walivaa nguo nyeupe juma zima na kurudi kanisani kufundishwa maana ya kile walichokwisha kupokea. Mafundisho ya aina hiyo ya Yerusalemu, ya karne ya 4, yanayojulikana kwa jina la Mtakatifu Sirili, bado yanasomwa hadi leo. Kwa hiyo ubatizo ulifungua masomo mapya. Sisi tunampa mtu cheti, tunapiga naye picha, tunamwacha. Wasimamizi wa ubatizo, nawaomba: mtu wenu msimwache. Mpitieni nyumbani, mwende naye kwenye jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo.

Wakulima wetu hawahitaji kuelezwa sana. Wakati huu masuke ya mtama na uwele yametoka, na ndipo kazi ya kuamia ndege inapoanza, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Aliyelima na kupalilia vizuri, kisha akaacha shamba kwa kwelea kwelea, hatavuna. Imani iliyotiwa nguvu wakati wa Kwaresima inataka ulinzi huohuo sasa.

Tuanze na sala. Mahali pa Malaika wa Bwana, kipindi hiki chote tunasali Malkia wa Mbingu, asubuhi, mchana na jioni. Ni fupi, watoto wanaishika upesi. Kwa maoni yangu, sala fupi ya kila siku baba akiwepo ni bora kuliko rozari nzima inayosaliwa mara moja kwa mwezi watoto wamelala. Vijijini ambako padri hafiki kila Jumapili, msidharau ibada ya Neno anayoongoza katekista. Someni pia nyumbani Luka 24, kidogo kidogo: wale wawili wa Emau walifafanuliwa Maandiko njiani, lakini macho yao yalifumbuliwa mezani, mkate ulipomegwa.

Na hapo mezani ndipo moyo wangu unapouma. Mtaguso wa Lateran, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 1215 uliagiza kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mwaka 1905 Papa Pius wa 10 alihimiza watu wapokee mara nyingi, hata kila siku. Lakini wapo wenzetu wema, wanaimba kwaya, wanatoa zaka, wanapeleka watoto mafundisho, na wakati wa komunyo wanabaki kwenye benchi mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hawajafunga ndoa. Ukiwauliza, hakuna anayeikataa imani. Mahari haijaisha. Kamati haijaundwa. Wanaona aibu kufunga ndoa bila ukumbi.

Ndugu zangu, sakramenti haidai ukumbi. Inadai ninyi wawili mlio huru na mnaoridhiana kwa moyo, padri, na mashahidi wawili, baada ya matangazo na mafundisho. Mkifunga ndoa kwenye Misa ya kwanza, kisha mkarudi nyumbani kula ugali wa uwele na mlenda, ni ndoa kamili mbele ya Mungu na Kanisa. Nanyi wazazi na wajomba, nawasihi kwa heshima: msimweke binti yenu mbali na Meza ya Bwana kwa sababu ya ng'ombe wawili waliobaki. Deni la mahari linaweza kulipwa wakiwa wameshafunga ndoa.

Wenye jambo gumu zaidi, labda ndoa ya zamani iliyovunjika, nendeni mkaongee na paroko faraghani, na msiache Misa wala sala mkisubiri. Kurudi kundini huanza na mazungumzo hayo.

Mwenye mgonjwa nyumbani amwite padri mapema, mgonjwa angali na nguvu za kuitikia sala. Mpako wa Wagonjwa si wa kuagia tu.

Jumuiya inaendelea juma hili kama kawaida, hatujaenda likizo. Njooni na watoto, na mje na jirani aliyebatizwa juzi.