Barua kwa mdogo wangu aliyezima simu

Mdogo wangu,

Naandika huku kwa sababu simu umezima, na najua mtandaoni bado unachungulia, mtu wa kuchungulia wewe toka utoto. Kuna mtu kaniambia kakuona Dar unabeba magunia sokoni, ulipomuona ukageuza uso. Sawa.

Nyumbani Kigoma mama mzima, goti ndo lile lile. Wifi anakaanga mihogo asubuhi pale wanapopaki bodaboda, na mtoto kaanza chekechea, anaandika jina lake ila herufi moja kaigeuza inaangalia nyuma na ukimrekebisha anakasirika, sijui kamrithi nani. Wifi hajarudi kwao wala hajaolewa, hayo maneno sijui nani kakupelekea, yatoe kichwani.

Sasa tuje kwenye zile laki nane za kikoba. Sitakwambia halikuwa kosa, lilikuwa kosa, ila tulipange vizuri tujue lipi lako na lipi la mvua. Mwezi wa nne mvua haipigi hodi, na dagaa walioanikwa mchangani wakilowa mara mbili wanabadilika rangi wananuka, mnunuzi hagusi hata umpe nusu bei. Nani Katonga hajawahi kuuza mzigo wake kwa watu wa chakula cha kuku? Hilo si lako. Lako ni ile hela iliyobaki ukaenda kuiweka kwenye mkeka wa kubeti, eti mtaji urudi usiku mmoja. Na lililoniuma mimi zaidi ni kupanda treni bila kuwaaga wadhamini wako, siku ya kuvunja sanduku wale mama wawili wakakatwa hisa zao wamekaa kimya, mmoja alikuwa anaisubiri ile hela aezekee.

Ila kuna kitu hukijui. Kikao cha juzi jina lako lilikuja lenyewe, sikulileta mimi, nikajiandaa kutukanwa. Katibu akatoa lile daftari la bluu ulilomwachia wifi juu ya meza. Kila deni umeliandika kwa mkono wako, mpaka elfu tano ya mzee wa barafu ambayo mwenyewe alishasahau. Yule mama anayeuza mawese akalipokea, akapitisha kidole mstari kwa mstari, unajua hajui kusoma vizuri kwa hiyo tulingoja kweli, afu akasema, "Mwizi haandiki hivi. Aje." Mwenzake akadakia, "Aje, ila asituletee vitenge." Wakacheka, wakarudi kuhesabu hisa kama hamna kilichotokea, mi nikatoka nje kidogo.

Unazikumbuka stori za babu za meli ya Liemba? Wajerumani walipoona wanazidiwa mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, karibu na pale mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, ila kwanza wakaipaka injini grisi isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Babu alikuwa anatia chumvi nyingi kwenye stori zake ila hilo la grisi ni kweli. Sasa lile daftari ndo grisi yako, usingeliacha hapo mezani hata mimi leo nisingekuwa na mdomo wa kukutetea.

Na wale mama usidhani ni malaika. Mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, nusu ya kikoba walishindwa kurejesha, boti zimelala mwaloni, wanaume wanashona nyavu na wengine wanacheza bao kutwa nzima. Waliongezeana muda wenyewe kwa wenyewe. Wanajua kushindwa kulipa kunafananaje, ndo maana wanaweza kukaa na jina lako mezani bila kulitemea mate.

Deni lipo pale pale, riba ndo wameondoa. Ufunguo wa sanduku hupewi, na mi nawaunga mkono, usije kunung'unika. Kuna bosi wa vipe, zile boti za dagaa, pale Kibirizi anatafuta mtu wa kuanika na kugeuza dagaa, kazi ya jua kali na ya mshahara mdogo, najua ulishakuwa unanunua mzigo wako mwenyewe na itakuuma vijana wakikuona umeshika reki. Ikuume tu. Kila giza likiisha, mbalamwezi ikirudi na boti zikapumzika, unapeleka ulichopata hata kama ni elfu kumi, na katibu anakata mstari kwenye daftari lile lile. Ile programu ya kubeti ifute mbele ya wifi, sio uje umwambie umefuta.

Najua treni ikikushusha utataka kukimbilia kwa mama ujifiche nyuma ya goti lake. Usianzie huko. Nenda sokoni Mwanga, mama wa mawese anakuwepo mpaka jioni, mwamkie, vuta ndoo ukae, mwache aseme yote, usimkatize hata akikosea hesabu. Akimaliza ndo uje kula. Nauli kama hamna tumia simu ya mtu yeyote nitumie meseji, nakurushia.

Dada yako.