Hesabuni na viti

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilizisifu shule za mkataba za Harlem, New York, kwa ufaulu wao. Mimi ni mzazi hapa Harlem na binti yangu anasoma katika mojawapo. Sifa hizo sizipingi. Ninachouliza ni mnahesabu nini.

Kwa asiyezijua: ni shule za umma, hazitozi ada, ila huendeshwa na bodi zake zenyewe kwa mkataba unaoweza kufutwa matokeo yakiwa mabaya. Sheria ya jimbo ilipita 1998, na mwaka uliofuata shule ya kwanza ikafunguliwa hapahapa Harlem, ikapewa jina la Walter Sisulu wa Afrika Kusini. Waombaji wakizidi nafasi, inachezeshwa bahati nasibu. Watafiti walipowafuatilia watoto waliopata na waliokosa nafasi Promise Academy, mojawapo ya shule hizi za Harlem, walikuta waliopata wamewaacha wenzao mbali katika hesabu. Kwa hiyo kazi inafanyika, tusidanganyane.

Lakini kwenye friji yangu kuna picha mbili. Ya darasa la kwanza ina watoto 28, sare zimewapwaya. Ya darasa la tano ina 19. Nijuavyo, hakuna aliyefukuzwa. Familia moja ilishindwa kodi ya nyumba ikahamia Bronx. Wengine walichoka kupigiwa simu kazini kila mara waje kumchukua mtoto asiyetulia, mama mmoja aliniambia, "Nitafukuzwa kazi mimi kabla yake." Viti tisa vikabaki hivyohivyo, maana shule yetu haipokei mgeni baada ya darasa la nne. Wakati huohuo jirani yangu, Msenegali wa Mtaa wa 116, anahangaika kumtafutia nafasi mwanawe wa darasa la tano.

Waliotoka, baadhi nakutana nao asubuhi mlangoni, kwani shule ya kawaida ya umma iko jengo hilohilo, ghorofa ya chini. Yenyewe hupokea mtoto hata akiletwa Februari. Mitihani ya jimbo, ambayo ni ya darasa la tatu hadi la nane, ikitoka, ghorofa ya juu inapongezwa na ya chini inasemwa. Wasomaji wa Dar mnaojua shule zinazomshauri mzazi "amtafutie mtoto mazingira mengine" kabla ya mtihani wa taifa, hili mtalielewa haraka. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna hata anayeshauri. Watu wanaondoka wenyewe, kimyakimya.

Basi mkiandika tena kwamba asilimia kadhaa wamefaulu, pembeni muweke walianza wangapi na waliokalia mtihani ni wangapi. Ni mstari mmoja tu wa gazeti.

Mdogo wake binti yangu anaingia kwenye bahati nasibu ya Aprili. Fomu nimeshajaza, shule hiyohiyo.

Mzazi,
Harlem, New York