Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mbeya: Tunaomba mahali pa kupaza sauti

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MATUMIZI YA KUMBI ZA KATA KWA MAZOEZI YA UIGIZAJI

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele wa Kyela, nyuma ya meza ya mama yangu hapa Mwanjelwa. Mchana namsaidia kupima na kufunga, jioni naigiza. Barua hii nitaileta pia ofisini kwako ipigwe muhuri mapokezi kama barua nyingine. Nimeiandika hadharani kwa sababu wapo mabinti wa mji huu ambao wiki hii wanapanga nguo kwenye begi waende Dar es Salaam kutafuta kuigiza, na ningependa waisome kabla hawajapanda basi.

Kikundi chetu kina watu 11. Yupo fundi cherehani, yupo kijana anayeuza parachichi Uyole, wapo wanafunzi wawili wa chuo, na wengine ni kama mimi, wanashika kinachopatikana. Tunafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na kila baada ya miezi michache tunahama. Tulianzia sebuleni kwa mwenzetu Ilomba, mwenye nyumba akasema vilio vyetu vinawatia hofu wapangaji wengine. Alikuwa na haki yake. Tukahamia kiwanja cha wazi upande wa Sae.

Hapo Sae ndipo lilipotokea jambo ambalo sijalisahau. Tulikuwa na sini, yaani kipande cha igizo, ya mke aliyegundua kwamba mumewe ameuza shamba la migomba la Tukuyu bila kumwambia. Mke nilikuwa mimi. Nilitakiwa niingie na kapu kichwani, nilibwage, niulize swali moja, halafu nipaze sauti. Nilipopaza, bodaboda wawili waliegesha pikipiki, na mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaacha jiko lake akaja mbio kunishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto la mkaa. Akaniambia, "Mwanangu, mwache huyo, shamba litarudi, twende." Mwenzangu aliyecheza mume alikuwa ameshakwidwa shati. Ilibidi tuwaeleze watu karibu nusu saa kwamba hakuna shamba lililouzwa.

Yule mama alinipa heshima kubwa kuliko makofi yoyote niliyowahi kupigiwa, kwa sababu aliamini. Lakini tangu siku hiyo hatukuthubutu tena kupaza sauti mahali pa wazi, maana safari nyingine mwenzetu angeweza kuumizwa.

Sasa hivi tuko kwenye banda nyuma ya kanisa moja. Tunawashukuru waliotupa. Banda halina dari, ni bati tupu, na unajua mvua zetu zikishika kuanzia Novemba: huwezi kumsikia mtu aliye hatua mbili mbele yako. Siku ambazo mvua haipo, upande wa pili wa ukuta kuna maombi ya jioni, hivyo tunanong'ona. Huu ni mwaka wa pili tunaigiza kwa kunong'ona, Ndugu Mkurugenzi. Nimejifunza kulia bila sauti na kugombana na mtu kwa midomo tu. Mwaka jana alipita dada mmoja aliyesomea sanaa Bagamoyo, akakaa akatutazama saa nzima, kisha akaniambia, "Mwili wako una hasira, lakini sauti inaishia kooni." Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Alichokiona si upungufu niliozaliwa nao, ni banda.

Naomba nieleze kidogo kazi hii ilivyo, kwa sababu wengi wanadhani mwigizaji ni mtu mwenye kipaji anayesubiri bahati yake. Kushika maneno ni kazi ya siku mbili. Inayobaki ni ya miezi. Unajifunza kuvuta pumzi kutoka tumboni ili sentensi ndefu isikufie katikati, na kusimama ili mtu wa nyuma akuone bila wewe kumtazama. Kilicho kigumu kuliko vyote ni kumsikiliza mwenzako kweli, wakati unajua tayari atakachosema kwa sababu umekisoma mara mia. Sini ya dakika tatu tunairudia mara 20, na ile ya 20 ndiyo mkono unaanza kusahau kwamba unaigiza. Mambo haya hayafanyiki kwenye simu, wala hayafanyiki peke yako mbele ya kioo, nimejaribu. Yanataka sakafu, ukuta wa kurudisha sauti, na watu.

Mimi nilianzia kwenye igizo la Krismasi kanisani, nikiwa mdogo, nikicheza mke wa mwenye nyumba ya wageni aliyewafungia mlango Yusufu na Mariamu. Lakini nilijua kwamba hii ni kazi ya mtu mzima mwezi Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba. Jirani yetu alikuwa na televisheni, akaigeuza ielekee mlangoni ili walio uani nao waone mazishi ya Kinondoni. Mama alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo mapajani. Niliona watu wazima, wanaume, wakimlilia mtu ambaye hawakuwahi kukutana naye. Baadaye nikaja kujua kwamba Kanumba alitokea Shinyanga, na Mzee Majuto, aliyetufurahisha miaka mingi, alikuwa wa Tanga. Nikajiambia basi na Mbeya inawezekana.

Nikaenda Dar es Salaam. Hapa nitaeleza lililonipata, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie, ingawa kwa muda mrefu sikumwambia hata mama.

Nilitumiwa ujumbe kwamba kuna usaili wa tamthilia ya televisheni. Nikatuma shilingi 30,000 za fomu. Nikapanda basi alfajiri, zaidi ya kilomita 800, nikashuka Mbezi usiku, miguu imevimba. Kesho yake nikaelekezwa mahali, nikakuta ni nyumba ya kulala wageni. Kulikuwa na mwanaume mmoja, meza, na soda mbili zilizokwisha kufunguliwa. Skripti haikuwepo. Nilikuwa nimekariri kurasa sita, nikamwambia niko tayari, akasema kusoma tutasoma baadaye, kwanza nikae nizoee. Nilitazama soda zile, nikatazama mlango. Nilitoka na begi langu nikatembea bila kujua naelekea wapi, nikalala stendi, nikarudi Mbeya na basi la asubuhi. Yule mtu hakuwahi kunisikia nikiigiza.

Mimi nilitoka. Nawafahamu wawili ambao hawakutoka, na habari zao si zangu kuzisimulia.

Watu wakisikia mambo haya husema, "Ndiyo maana tunawakataza." Mama yangu naye alisema hivyo, na simlaumu. Lakini binti hakatazwi akakatazika. Ataondoka tu, kwa siri, bila nauli ya kurudia. Angekuwa amewahi kufanya usaili hata mmoja wa kweli hapa kwetu, mchana, ukumbini, mbele ya watu, mlango wazi, akiwa na skripti mkononi, angekijua chumba cha uongo dakika ile ile anapoingia. Mimi sikujua, kwa kuwa sikuwa na cha kulinganisha nacho. Nilidhani labda ndivyo inavyokuwa.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Jiji lina kumbi katika kata, nyingine za mikutano, nyingine ziko kwenye majengo ya ofisi. Ijumaa hadi Jumapili zinashughulika na harusi na vikao vya send-off, sawa. Lakini Jumatatu mpaka Alhamisi, mimi hupita hapo jioni narudi kutoka sokoni, na mara nyingi nakuta kufuli. Viti vimepangwa, feni imezimwa, hakuna mtu. Tunaomba ukumbi mmoja, wa kata yoyote utakayoona inafaa, ufunguliwe kwa vikundi vya maigizo siku tatu kwa wiki, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, bila malipo. Tulipouliza kukodi ukumbi wa mtu binafsi tuliambiwa 50,000 kwa siku. Kwa mara tatu kwa wiki, fedha hiyo ni zaidi ya tunachoingiza wote 11.

Tutafagia. Tutarudisha viti tulivyovikuta. Tutakuwa na daftari la majina na mtu mmoja wa kuwajibika kwa funguo, na kikiharibika kitu tutalipa. Kila baada ya miezi mitatu tutaonyesha kazi yetu hapo hapo kwa wananchi wa kata ile, bure.

Ukumbi huo ukishakuwepo, tunaomba utumike na kwa jambo la pili, ambalo halina gharama. Yeyote anayekuja Mbeya kutafuta waigizaji aambiwe kwamba usaili unafanyika pale, mchana, na kwamba ajiandikishe kwanza kwa Afisa Utamaduni, jina, kazi anayoitengeneza na kibali chake. Nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu. Mtengeneza filamu wa kweli ana karatasi na haogopi kuulizwa. Anayeogopa kuulizwa tutakuwa tumemjua mapema.

Nimeshauriwa na watu wema kwamba tuombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, au tujaribu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Huenda siku moja tutaomba, tukiwa na filamu ya kutengeneza na soko la kuiuzia. Leo hatuna kitu cha kununua kwa mkopo, tuna sauti zisizokomaa, na mkopo hauwezi kununua mazoezi. Wala hatuombi jengo jipya. Tafadhali usitujengee jengo, tutazeeka tukisubiri bajeti.

Liko jambo jingine linaloniuma, naomba univumilie. Ukitazama maigizo yanayotoka mjini, mtu wa Nyanda za Juu Kusini anaonekana kwa sura moja: dada wa kazi. Anatoka Iringa au Njombe, anaongea Kiswahili cha kuchekesha, anavunja sahani, anafukuzwa. Niliwahi kupewa nafasi ndogo kwenye kazi moja, na nilichoambiwa ni, "Ongea Kimbeya." Nikauliza huyu dada jina lake nani, anataka nini maishani. Hawakuwa na jibu, haikuwa imeandikwa. Wapo dada zetu wengi wanaofanya kazi hiyo kwa heshima na kulea watoto wa watu kwa mapenzi, na hakuna aliyeona maisha yao yanatosha kuandikwa.

Wakati huo huo hapa kwetu hadithi zimelala tu. Kuna wachuma chai wa Rungwe wanaotoka nyumbani ukungu haujainuka. Kuna stesheni ya TAZARA, na wazee walioijenga reli ile wakiwa vijana, wachache waliobaki bado wanakumbuka maneno ya Kichina. Kuna madereva wa malori wanaolala foleni Tunduma siku kadhaa, na wake zao wanaohesabu siku hizo huku nyumbani. Kuna bibi yangu, ambaye akikusalimu "Mwagonile" anakaa na kukutazama mpaka ujibu kwa ukweli umelalaje. Naijua ile namna yake ya kutazama. Nataka kuicheza siku moja, kwa sauti kamili, kwa lafudhi yangu hii hii, bila mtu kucheka. Hawezi kuicheza mtu aliyekulia Kinondoni hata angekuwa hodari vipi, na mimi nikihamia huko nikabadilisha ulimi ili nipate kazi, nitakuwa nimeipoteza.

Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kipo tangu 1981 na kimetoa watu wa maana. Wenzetu wawili wanataka kwenda huko, na tunawaombea waende. Lakini hata kule watasailiwa, na watakaosailiwa pamoja nao ni vijana waliokuwa na mahali pa kuigiza kwa sauti tangu sekondari. Ningependa wa kwetu wasifike wakiwa wananong'ona.

Kwa sasa tupo bandani Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni. Ukipata nafasi uje, au umtume Afisa Utamaduni. Wiki ijayo tunarudia ile sini ya shamba la migomba. Ukikaa benchi la mbele utaona kapu linaanguka na midomo yangu inavyokwenda, na kama mvua itakuwa inanyesha sitakudanganya, hutasikia neno. Skripti tutakuwekea nakala.

Wako mtiifu,

Mwigizaji, kwa niaba ya wenzake kumi
Mwanjelwa, Mbeya