Barua kwa vijana wa maskani: Majaji walewale, midomo ileile

Wanangu wa maskani, asalaam alaikum.

Jumamosi tulimzika mama wa mwenzenu. Nilitazama mabega chini ya jeneza, na bega la yule waliyekula naye sahani moja tangu chuoni sikuliona. Nikauliza. Nikajibiwa, "Wamenuniana tangu uchaguzi wa 2022, mzee." Siku ile chakula hakikunipita kooni.

Nawapenda, kwa hiyo sitawaficha. Nimewasikiliza miaka yote hii, na sijasikia sera mliyogombania. Mnachogombania ni mtu wa nani.

Kumbukeni Septemba 1, 2017. Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, ilifuta uchaguzi wa urais ambao Uhuru Kenyatta alikuwa ametangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga. Nyinyi wa Raila mliimba hadi usiku, mkasema sasa Kenya ina majaji. Nyinyi wa Uhuru na Ruto mlitukana, na Rais mwenyewe akawaita majaji wakora. Ikaja Septemba 5, 2022. Mahakama hiyohiyo, kwa kauli moja, ikauthibitisha ushindi wa Ruto dhidi ya Raila. Palepale kwenye benchi lenu la maskani matusi yakahama upande, sifa nazo zikahama. Na Mwilu, Wanjala na Lenaola, watatu katika wale majaji wanne waliofuta uchaguzi wa 2017, walikuwa wamekaa tena! Shujaa amegeukaje msaliti bila kuvua joho? Niliuliza nani amesoma hukumu, hata moja. Mkainamisha vichwa.

Hii si nyinyi tu. Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule moja huko Bristol, Uingereza, akiwaambia hawa wamependa picha za mchoraji Klee, wale za mchoraji Kandinsky. Kijana hakujua hata wenzake wa kundi ni akina nani. Walipoambiwa wagawe pesa, wengi waliwapendelea wa upande wao. Kwa picha tu! Sasa tieni kabila, jina la ukoo na miaka ya uchungu.

Wanasiasa wanaujua udhaifu huu na wanaulima kama shamba. Uhuru na Raila walipeana mikono Machi 9, 2018. Nani kati yenu aliitwa kupatanishwa? Na sisi wazee tuna dhambi yetu. Tuliwafundisha kusema "mtu wetu" kabla hamjajua kusoma, na baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya elfu moja walipouawa, hatukuwakalisha chini kuwaeleza.

Someni hukumu kabla ya kumhukumu jaji. Habari inayokufurahisha mno, ichunguze mara mbili. Jiulize: angelifanya hili mpinzani, ningesemaje?

Hitima ya mama ni Alhamisi baada ya Isha. Wewe uliyekosekana unajijua. Nitakuwekea nafasi mkekani, kati yangu na mwenzako.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu